Mkwe Wangu Chini ya Ukingo

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nasema hivyo bila kumwomba mtu radhi. Nimebeba mizigo ya watu tangu ndevu hazijaota. Nimepanda milima ya magharibi ya Ziwa Tanganyika na jino la tembo begani, nimelala njaa Kabambare, nimeshiba Kasongo, nimeugua ndui nikapona, na nimeuona mto Lualaba ukichukua nyumba nzima huku jogoo akiwika juu ya paa. Leo nina mitumbwi mitatu mikubwa na ghala ya chumvi, na kila nilicho nacho kilitoka kwenye mabega haya. Baba yangu hakuniachia hata jembe. Kusoma nilisoma kwa mwalimu mmoja misimu miwili ya mvua, nikamlipa kuku, nikapata herufi za kunitosha. Basi anayesoma hapa asitafute maneno mazuri.

Katika yote niliyojifunza kwa mabega, hakuna ninalolijua vizuri kuliko ardhi inayotaka kuanguka. Hilo nilifundishwa mlimani. Nikiwa kijana nilikuwa katika msafara uliopita chini ya mteremko baada ya mvua nyingi na upepo. Mvua ilikuwa imeshusha udongo mpya kutoka juu, ikautandika juu ya udongo wa zamani, mkeka juu ya mkeka. Mkubwa wa msafara alitazama, akatema mate, akasema twende. Mimi nilikanyaga nikasikia chini ya kisigino mlio wa mtungi mtupu. Nikajifanya nimechomwa na mwiba, nikakaa chini nikiushika mguu. Wenzangu wakanicheka, wakapita. Kisha mteremko ukashuka. Haukushuka vipande vipande; ulishuka mzima, miti yake imesimama wima kama watu wanaosafiri, halafu njo ukavunjika. Sikusikia hata sauti moja ya mtu. Tulipochimba tulipata mizigo. Wenye mizigo hatukuwapata wote.

Tangu siku ile siitazami ardhi kama mtu anayetafuta pa kupanda muhogo. Naitazama kama unavyomtazama mbwa usiyemjua.

Nyumba yangu ya Kindu niliijenga juu ya ukingo wa mto, mahali ambapo upepo unaingia barazani na kila mtumbwi unaopita unaiona. Ukingo ule ulikuwa mrefu kuliko mchikichi. Juu kulikuwa na udongo mwekundu, mzito. Chini yake mchanga mweupe, mwembamba, unene wa kiganja tu. Chini ya mchanga, udongo wa mfinyanzi wa kijivu, ambao ukilowa unateleza kama sabuni. Mvua ikinyesha, maji yanapita kwenye ule mwekundu, yanapita kwenye mchanga, yakifika kwenye mfinyanzi yanakosa njia. Yanakaa pale. Yanangoja.

Na chini kabisa, juu ya maji kidogo, ardhi ilijitokeza kama kibaraza. Hapo alikaa mama mkwe wangu.

Mgeni atauliza kwa nini mtu mwenye nyumba kubwa amwache mama wa mke wake akae chini ya ukingo kama kaa. Sikumwacha mimi. Desturi njo ilimweka. Kwa watu wa mke wangu, mwanamume na mama mkwe hawaonani uso. Akipita yeye, mimi naingia majanini; nikipita mimi, nakohoa kutoka mbali ili ajifunike. Hakanyagi ua wangu, haoni kiti changu, na kitanda changu ndiyo kabisa, Mungu apishe mbali. Hatusemeshani, lazima awepo mtu wa tatu katikati, na maneno yapite kwake hata kama tunasikiana wote wawili. Alipofiwa na mumewe akataka kuwa karibu na binti yake, ilibidi atafute mahali ambapo paa lake halionekani kutoka mlangoni kwangu. Mahali pa namna hiyo hapakuwa pengine ila chini. Akajenga kibanda, akasimamisha uchaga wa kukaushia samaki kwa moshi, akafanya biashara. Miaka yote ile sikuijua sura yake. Nilijua kikohozi chake na harufu ya samaki wake, na nilimheshimu kwa vyote viwili.

Mwaka ninaoutaja, mvua za mwisho zilikuja pamoja na upepo. Mvua peke yake naielewa, na upepo peke yake naucheka. Vikija pamoja, nalala na nguo zangu. Ukingoni kulikuwa na miti mikubwa ambayo watu wa zamani waliiacha kwa ajili ya kivuli. Upepo uliishika vichwani ukaitikisa usiku na mchana, huku na huku, kama mtu anayelegeza jino. Kila ilipoinama, mizizi ilinyanyua udongo. Iliporudi, udongo haukurudi wote. Pakabaki nafasi, na mvua ikaingia kwenye nafasi. Chini, mawimbi yalikula mguu wa ukingo. Mto ukapanda mpaka karibu na kizingiti cha mama mkwe, ukafunika njia ya ufukoni aliyokuwa akipita kwenda sokoni.

Kisha mvua ikakatika, jua likatoka, na mto ukaanza kushuka kwa haraka. Mji mzima ukafurahi. Nahodha wa mtumbwi wangu, Mgenya, mtu wa kabila la wavuvi wa mto, mwenye mdomo mrefu kuliko kafi lake, alikuja akipiga mluzi.

"Bwana, maji yamekimbia! Leo tunaenda kufuata wenzetu Lokandu."

"Leo hatuendi popote. Sasa njo hatari imekuja."

"Hatari imekuja na jua? Maji yakipanda unaogopa, maji yakishuka unaogopa. Unataka mto wa namna gani, bwana, tukupikie?"

"Weye ukilewa ukaegemea ukuta, nani anakushika?"

"Ukuta."

"Na ukuta ukiondoka?"

Akafungua mdomo kujibu, halafu akaugeukia mto, akautazama ukingo uliosimama juu yake, mweusi kwa maji. Mluzi ukamwisha.

"Mto njo ulikuwa ukuta," alisema.

"Na ukingo umekunywa kuliko weye."

Nikavua viatu nikaenda kukagua, maana kiatu ni kiziwi. Nilitembea polepole, nikipiga kisigino. Karibu na nyumba ardhi ilijibu kwa sauti nene, ya kawaida. Nilipokaribia miti sauti ikabadilika, nikausikia ule mtungi mtupu wa mlimani. Nyuma ya miti nikauona ufa. Ulikuwa mwembamba, unafuata mto, kutoka pembe ya ghala mpaka mwisho wa ua, kama mstari uliochorwa na mtu anayejua anachotaka. Nikaingiza mpini wa mkuki wa samaki. Ukazama wote, sikugusa chini. Siafu walikuwa wanatoka humo na mayai yao, wanahamia upande wa nyumba. Nikajilaza kifudifudi nikachungulia ukingoni, nikihakikisha kwanza kwamba mama mkwe yuko ndani. Maji yalikuwa yanavuja kutoka kwenye ule mchanga mweupe. Jana yalikuwa safi. Leo yalikuwa kama maziwa. Maji yakiwa meupe, mchanga unatoka nayo. Na mchanga ukiisha, ule udongo mwekundu wote umekaa juu ya sabuni.

Nikapigilia vigingi viwili, kimoja upande huu wa ufa, kimoja upande ule, nikafunga kati yao ugwe, kamba nyembamba ya nyuzi za mti wa mwale, nikauacha umelegea. Nilipomaliza kunywa uji nikarudi. Ugwe ulikuwa umenyooka.

Nikamwita mke wangu. Tukasimama juu ya ngazi zilizochimbwa ukingoni, mimi nikiwa nimeupa mto mgongo. Ngazi zile zilikuwa njia pekee ya kutoka kule chini, kwa sababu mto uliposhuka uliacha ufukoni tope la kumeza mtu mpaka kifuani, limejaa magogo, hata mtumbwi hauwezi kusogea. Na ngazi zilitokea katikati ya ua wangu.

"Mwambie mama yako atoke sasa hivi," nikasema.

Mke wangu akaita, "Mama! Mukwe wako anakusalimu sana, anauliza hali ya samaki!"

"Sikusema hivyo!"

"Baba wa watoto, mukwe haanzi na amri. Ngoja."

Sauti ikaja kutoka chini, tulivu: "Mwambie samaki hawajambo. Kuni njo zimelowa kidogo."

"Mwambie ukingo unaanguka!"

"Mama, mukwe wako anasema ukingo umechoka kidogo!"

"Mwambie hata mimi nimechoka, na sijaanguka."

Nikamtazama mke wangu kwa macho ambayo anayafahamu. Safari hii akayasema maneno yangu kama yalivyo. Nikatoa ahadi zote: nitaondoka uani, nitaondoa viti, nitafunika mlango kwa mkeka, apite kama mtu anayepita porini.

"Mwambie namshukuru," mama mkwe akajibu. "Lakini ua ni wake hata asipokuwepo. Nikipita hapo, nani ataniita tena mutu muzima? Kaka yangu peke yake anaweza kuniruhusu. Na kaka yangu iko Alunguli."

Alunguli ni ng'ambo, na mto ulikuwa bado mpana na mkali. Nahodha akamchukua mke wangu katika mtumbwi mmoja uliobaki, uliofungwa bandarini, wakaondoka kwenda kumleta mjomba. Watu wangu wengine walikuwa wamekwenda Lokandu na ile mitumbwi miwili tangu kabla ya dhoruba. Nikabaki na wanawake wawili wa jikoni. Nikawatuma wakamshawishi. Wakashuka, wakarudi na samaki wawili katika jani.

"Amesema umekonda kwa wasiwasi," mmoja akaniambia. "Amesema ule."

Sikula. Nilikuwa nautazama mtumbwi ng'ambo, mdogo kama ganda la kunde, na miti iliyo mbele yangu. Vichwa vya miti vilikuwa vimeanza tena kusogea. Upepo ulikuwa unarudi, unatoka mtoni. Nikaenda kwenye ugwe nikaugusa kwa kidole. Ukalia kama uzi wa zeze. Ufa sasa uliingia mkono. Nikawaambia wale wanawake washuke mara ya pili, wamkamate, wamlete hata kwa nguvu. Wakauangalia ufa, wakakaa chini wote wawili.

"Utupige hapa hapa, bwana," yule mkubwa akasema. "Mukwe ni wako."

Hapakuwa na mtu wa tatu. Palikuwa na kinu. Nikakivingirisha mpaka juu ya ngazi, nikakisimamisha, nikageuka upande wa nyumba.

"Ewe kinu!" nikasema. "Mwambie mama huyo ukingo unakuja juu ya kichwa chake!"

Halafu sauti ikapanda: "Ewe kinu, mwambie aliyekutuma asipige makelele. Atautikisa."

"Kinu, mwambie kaka yake yuko majini, hatafika kwa wakati!"

"Kinu, mwambie nitamngoja."

"Kinu, mwambie asipotoka nitashuka mimi mwenyewe!"

Hapo sauti yake ilibadilika. "Kinu," alisema polepole, "mwambie afadhali nifunikwe na udongo kuliko aibu hiyo. Mwambie nimemzalia muke. Asinifanyie hivyo."

Nilisimama pale, mtu ambaye simba amenguruma usiku nikageukia upande wa pili nikalala, na niliogopa. Siogopi kusema. Udongo najua unavyoua. Lakini tangu nilipooa sikuwahi kuvunja ile heshima hata kwa bahati mbaya, na mke wangu alikuwa mbali, na sikujua atanitazamaje. Nikasikia nyuma yangu mlio mdogo, kama mtu anayevunja kijiti cha kuchokolea meno. Nikageuka. Ugwe umekatika.

Nikashuka.

Punje za udongo zilikuwa zinaanguka juu ya paa lake kama mtama unaomwagwa. Nikaingia bila hodi. Alikuwa amesimama katikati ya moshi, kichwa wazi, mwanamke mfupi mwenye mvi, na alikuwa anafanana na mke wangu kuliko nilivyotaka kujua. Akapiga yowe na kugeukia ukuta. Nikamshika mikono nikamtupa mgongoni kama nilivyokuwa nikitupa mizigo, nikatoka naye. Alikuwa mwepesi kuliko jino dogo la tembo, na hakuna mzigo ulionipiga kama ule. Alikuwa na mwiko mkononi, akanitwanga nao kichwani, masikioni, puani, akimwita kaka yake, akimwita marehemu mumewe. Ngazi zilikuwa zinatembea chini ya miguu yangu. Ile ya juu ilivunjika nilipoikanyaga, nikashika mzizi, na mzizi nao ulikuwa unakuja. Nikafika juu. Ufa ulikuwa umekuwa mtaro. Nikauruka naye mgongoni. Nikapita uani, mbele ya kiti changu, mbele ya mlango uliokuwa wazi mpaka kitandani. Aliona vyote.

Nilimshusha karibu na njia, na hapo njo ukingo ukaondoka. Haukuwa na haraka. Miti ilianza kwa kuinama pamoja, kama inayoitikia salamu, kisha ardhi iliyokuwa chini yake ikateleza nje, ikatoa sauti ya kitambaa cha merikani kinachopasuliwa, sauti ndefu. Ngazi, kinu, uchaga, kibanda, vyote vilikwenda. Kwa muda kidogo moshi wa samaki uliendelea kutoka ndani ya maji. Wimbi likapanda, likaenda mpaka katikati ya mto, na nikauona mtumbwi wa mke wangu, uliokuwa unarudi, ukinyanyuliwa pua juu, ukapotea, ukatokea tena.

Wale wanawake wawili walikuwa wamejifunika macho. Nilidhani ni kwa hofu. Ilikuwa ni haya, kwa sababu yangu.

Mjomba alifika akiwa amelowa mpaka kiunoni. Alikuwa mzee mrefu, na alitembea na kigoda chake mwenyewe. Alimkuta dada yake amejifunika nguo yote mpaka miguu, ameketi nyuma ya mkeka ambao wanawake walimshikia. Akamgusa bega, akahema. Kisha akauliza, "Nani amembeba?"

Wote walinitazama.

Akavuka ua, akaweka kigoda chake karibu na mahali palipokuwa juu ya ngazi, upande huu wa shimo jipya, akakaa. "Umemtoa dada yangu kaburini, mukwe," alisema. "Kwa hilo Mungu akulipe. Lakini umemwona kichwa wazi. Umemgusa. Umembeba mgongoni kama mutoto wako. Umempitisha mbele ya kitanda chako. Kwa hayo tutahesabu."

"Tuhesabu, baba. Lakini twende tukahesabie kule njiani."

"Neno la ukwe linamalizwa pale lilipovunjika, kabla ya mtu kula wala kulala." Akajikalisha vizuri zaidi.

Nikakaa mbele yake, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa. Na nyuma ya kigoda chake, upande wa nyumba yangu, nikauona ufa mwingine. Ulikuwa mwembamba kama unywele. Punje za udongo zilikuwa zinaingia humo kidogo kidogo, zenyewe. Nikimwonyesha, atasema nakimbia hesabu.

Mjomba akaanza kutaja. Mimi sijawahi kununua kitu chochote kwa bei ya kwanza, hata sanda ya baba yangu niliibishania. Lakini kila alilotaja nilisema ndiyo. Akanitazama, akaongeza. Nikasema ndiyo.

Mke wangu akaniinamia sikioni, nywele zake zikidondosha maji ya mto. "Bishana kidogo, baba wa watoto. Usipobishana watadhani unawadharau."

"Siwadharau. Angalia nyuma yake."

Akaangalia. Akanishika mkono mbele ya watu.

"Mwambieni na uchaga wangu," ikasema sauti nyuma ya mkeka.

"Ndiyo, na uchaga."

"Na samaki waliokuwa juu yake."

"Ndiyo, na samaki."

"Bwana amepigwa mwiko kichwani," nahodha akasema, "akili bado haijarudi." Watu wakacheka. Mjomba naye alicheka mpaka kigoda kikatikisika, nami nikaona mdomo wa ufa ukifunguka kiasi cha kupitisha kidole.

"Nimekubali yote, baba," nikasema. "Simama unipe mkono."

Alichelewa kidogo. Aliitazama nyumba, akautazama mto, akatafuta kama kuna jambo alilosahau kulitaja. Halafu akasimama. Sikumpa mkono, nilimvuta, nikamvuta mpaka njiani, na wengine wakatufuata wakidhani nimekasirika. Kigoda chake kilibaki. Alipogeuka kukifuata, hapakuwa na kigoda, wala mahali kilipokuwa kimesimama, na baraza ya nyumba yangu ilikuwa inaning'inia juu ya maji.

Hakupunguza kitu. Wala mimi sikuomba. Nililipa mbele ya watu wa Alunguli na wa Kindu: mbuzi tisa, doti kumi na mbili za merikani, misalaba kumi na mmoja ya shaba tunayonunulia vitu, mizigo miwili ya chumvi kwa ajili ya uchaga na samaki, na kuku mmoja mweupe wa kuusafisha mgongo wangu.